Neema na Mzigo: Wanyama wa Kupandwa na Kubebeshwa katika Kurani na katika Historia ya Maneno ya Kiswahili

Ikisiri

Kurani inawataja wanyama wa kupandwa na kubebeshwa mizigo kuwa miongoni mwa neema kubwa ambazo binadamu anatakiwa kuzishukuru. Makala haya yanachunguza jinsi wazo hilo lilivyopokelewa katika Kiswahili, lugha iliyochukua maneno mengi ya Kiarabu lakini ikakulia katika nchi ambako, kwa sababu za maradhi ya mifugo, mizigo mingi ilibebwa na watu. Kwa kufuatilia mizizi michache ya Kiarabu, msamiati wa farasi na punda, methali, na sheria ya madhehebu ya Shafii, makala yanadai kwamba Kiswahili kilipokea neno la neema bila mnyama wake, na kwamba pengo hilo ni ushahidi wa kihistoria ambao mfasiri na mwanahistoria hawapaswi kuupuuza.

1.0 Utangulizi

Katika Kiarabu, neno la mifugo, an'am, na neno la neema, ni'ma, hutokana na mzizi mmoja, yaani n-'-m. Uhusiano huo haukufichika kwa wanaleksikografia wa kale. Ar-Raghib al-Isfahani, aliyetunga kamusi mashuhuri ya maneno ya Kurani, anaeleza kwamba ngamia waliitwa na'am kwa kuwa kwa Waarabu hapakuwa na neema iliyo kubwa kuliko hao. Kwa msikilizaji wa Kiarabu, basi, kuambiwa kwamba mifugo ni neema ni kukumbushwa jambo ambalo lugha yenyewe imekwisha kulisema.

Kiswahili kimelichukua neno la pili na kuliacha la kwanza. Neema ni neno letu la kila siku: mwaka wa mvua nzuri ni mwaka wa neema, na nyumba yenye chakula ni nyumba ya neema. An'am, kwa upande mwingine, halikuingia katika matumizi ya kawaida. Mswahili hulijua kama jina la sura ya sita ya Kurani tu. Mahali pake pana mifugo, neno linalotokana na kitenzi -fuga, na ambalo halidokezi kwamba mnyama anayefugwa ni wa kupandwa au wa kubebeshwa chochote.

Yawezekana kusema kwamba hili ni jambo la bahati tu, kwani lugha haichukui maneno yote ya lugha nyingine. Hoja ya makala haya ni kwamba si bahati. Maneno yaliyovuka bahari na yale yaliyobaki ng'ambo yanafuata ramani ya kazi: nani alibeba nini, na mgongoni mwa nani.

2.0 Aya za vipando na wafasiri wake

Mada yetu imekusanywa kwa ukamilifu zaidi katika Sura An-Nahl (16), ambayo baadhi ya wanazuoni wa mwanzo waliiita pia Sura ya Neema. Aya ya 5 hadi ya 8 zina mpangilio ulio wazi. Kwanza hutajwa mifugo kwa manufaa yake ya joto na chakula. Kisha uzuri wake irudipo zizini jioni na itokapo asubuhi. Kisha kazi yake ya kubeba mizigo hadi miji ambayo watu wasingeifikia ila kwa kuzitaabisha nafsi zao. Mwishoni hutajwa farasi, nyumbu na punda, walioumbwa kwa ajili ya kupandwa na kuwa pambo, na aya inafungwa kwa ahadi kwamba Mungu huumba na vile ambavyo watu hawavijui.

Katika aya ya 7 neema inapimwa kwa taabu ambayo binadamu ameepushwa: thamani ya mnyama ni maumivu yasiyompata mtu. Baadhi ya wafasiri walikumbusha kwamba neno shiqq lililotumika hapo laweza pia kumaanisha nusu, kana kwamba msafiri asiye na mnyama angefika amebakiwa na nusu ya nguvu zake. Al-Qurtubi, aliyefariki mwaka 1273, anatoa katika aya hiyo hukumu mbili kwa pamoja: kwamba yafaa kusafiri na kubebesha wanyama, na kwamba mzigo usizidi uwezo wa mnyama, pamoja na kumwendesha kwa upole. Kwa maneno mengine, neema inakuja na mpaka wake.

Aya ya 8 ilizua mjadala wa kisheria. Abu Hanifa na Malik waliitumia dhidi ya ulaji wa nyama ya farasi, kwa hoja kwamba mifugo ilitajwa kwa kuliwa ilhali farasi, nyumbu na punda walitajwa kwa kupandwa na kwa pambo tu. Ash-Shafii aliruhusu nyama ya farasi kwa kutegemea hadithi za Mtume, huku nyama ya punda wa kufugwa ikikatazwa tangu Khaybar, mwaka wa 7 wa Hijra. Kwetu sisi umuhimu wa mjadala huo ni kwamba wanasheria waliisoma orodha ya wanyama kama mgawanyo wa kazi. Kila mnyama alikuwa na wadhifa wake, na wadhifa huo ulikuwa na matokeo ya kisheria.

Sura nyingine zinaongeza vipengele viwili. Sura Yasin (36:71–73) inasema kwamba mifugo imelainishwa kwa ajili ya watu, wengine wakipandwa na wengine wakiliwa, kisha inauliza kama watu hawatashukuru. Sura Az-Zukhruf (43:12–14) inaunganisha vyombo vya baharini na wanyama wa nchi kavu chini ya kitenzi kimoja cha kupanda, na inamwelekeza aliyekwisha kukaa sawasawa juu ya kipando chake akiri kwamba kwa nguvu zake mwenyewe asingekimudu. Ndiyo asili ya dua ya safari inayosomwa hadi leo katika mabasi, boti na ndege za Afrika Mashariki.

3.0 Mizizi iliyovuka bahari

Mzizi wa kwanza ni r-k-b, wa kupanda. Katika Kiarabu unahusu mnyama na chombo kwa usawa, kama aya ya 43:12 inavyoonyesha. Katika Kiswahili neno lake lililozoeleka mno ni marikebu, nalo ni chombo cha baharini. Nusu ya bahari ya mzizi huo ndiyo iliyopata makazi pwani. Vivyo hivyo baghala, ambalo katika Kiarabu ni jina la nyumbu, lilifahamika katika bandari zetu zaidi kama jina la jahazi kubwa la masafa marefu. Washairi wa Kiarabu walimwita ngamia jahazi la nchi kavu. Mabaharia wa Bahari ya Hindi waligeuza mfano huo wakakiita chombo kwa jina la mnyama. Ni kitenzi chetu cha asili, -panda, kinachofanya kazi ambayo mkopo haukuifanya: mtu hupanda punda, hupanda jahazi na hupanda gari. Mfasiri wa 43:12 ana bahati hapa, kwani umoja wa aya unahifadhika bila juhudi.

Mzizi wa pili, h-m-l, haukumpa mfasiri bahati hiyo. Kitenzi kinachotumika katika 16:7 kueleza kwamba mifugo hubeba mizigo ndicho kilichozaa neno hammal, mchukuzi wa mizigo, ambalo ndilo hamali la Kiswahili. Kitendo ambacho katika aya hufanywa na mnyama kimeingia katika lugha yetu kama jina la mtu. Hatuna neno la mzizi huo kwa mnyama wa mzigo. Tunalo la binadamu wa bandarini na sokoni.

Mizizi mingine miwili inaonyesha jinsi neema na unyonge zinavyokaribiana katika Kiarabu chenyewe. Sura Yasin inatumia dh-l-l kwa maana ya kumlainisha mnyama hata akatii. Kiswahili kilichukua kutoka mzizi huo dhalili na dhalilisha, yaani upande wa unyonge pekee. Mfasiri akitumia kitenzi hicho atakuwa amesema kwamba Mungu aliwavunjia wanyama heshima, jambo ambalo aya haisemi. Ndiyo maana analazimika kukimbilia -tiisha au -fanya wanyenyekevu. Mzizi s-kh-r unabeba mvutano mkubwa zaidi. Unatoa taskhir, yaani kutiishwa kwa viumbe kwa manufaa ya binadamu, na unatoa pia sukhra, kazi ya kulazimishwa isiyo na malipo. Sura Az-Zukhruf ina pande zote mbili: katika aya ya 13 wanyama na vyombo vimetiishwa kwa ajili ya watu, katika aya ya 32, kwa neno la mzizi huohuo, watu wanawatumikisha watu wenzao. Wafasiri wa kale walieleza aya hiyo ya pili kuwa ni mgawanyo wa kazi kati ya mwenye mali na asiyenacho. Msomaji anayeijua historia ya misafara ya Afrika Mashariki hawezi kuzisoma aya hizo mbili bila kuona jinsi zilivyo jirani.

4.0 Nchi ambayo mzigo ulikuwa kichwani

Mbung'o ndiye aliyeandika sehemu kubwa ya historia hiyo. Mwaka 1895 David Bruce, akifanya utafiti katika nchi ya Wazulu, alionyesha kwamba maradhi yaliyokuwa yakiwaua ng'ombe na farasi huenezwa na inzi huyo. Wenyeji wa mikoa yenye mbung'o walikuwa wakijua kwa uzoefu, muda mrefu kabla yake, kwamba kuna misitu ambayo mnyama akiingia hatoki salama. Henry Morton Stanley alipoondoka Bagamoyo mwaka 1871 alikuwa na farasi wawili na kundi la punda. Farasi wote wawili walikufa mapema safarini. Mwaka 1879 Mfalme Leopold wa Ubelgiji aliagiza tembo 4 waliofunzwa kutoka India, wakashushwa karibu na Dar es Salaam ili wapelekwe hadi Ziwa Tanganyika. Hao nao walikufa.

Si kweli kwamba hapakuwa na mnyama wa mzigo kabisa. Wamasai walihamisha vyombo vyao kwa punda, na kamusi za kale za Kiswahili zinamtaja punda kihongwe, yaani punda wa kazi wa bara. Lakini pembe za ndovu, shanga, nguo na nyaya za shaba zilizopita kati ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji zilikwenda hasa juu ya mabega na vichwa vya watu, kila mmoja akichukua mzigo wa kiasi cha kilo 30. Kiswahili kiliwapa jina kutokana na kitenzi -pagaa, kubeba begani: wapagazi.

Hapa panahitajika tahadhari. Stephen Rockel, katika kitabu chake cha mwaka 2006, ameonyesha kwamba wapagazi wengi, hasa Wanyamwezi, walikuwa wafanyakazi huru wa ujira, wenye nidhamu, sifa na fahari ya kazi yao. Itakuwa kosa kumweka kila mpagazi katika nafasi ya mnyama. Kosa hilo walilifanya wasafiri wa Ulaya waliowahesabu watu, punda na marobota katika orodha moja. Hata hivyo pembeni mwa wafanyakazi huru walikuwamo watumwa waliokodishwa na mabwana zao, na mateka walioteremshwa pwani wakiwa wamebebeshwa. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873, na hadhi ya utumwa kisheria ikafutwa Zanzibar mwaka 1897 na Tanganyika mwaka 1922. Katikati ya tarehe hizo, vita vya 1914–1918 vilirudisha mzigo kichwani kwa nguvu za dola. Wanyama wa jeshi walipokufa kwa mbung'o, watu waliandikishwa kuwa wachukuzi kwa mamia ya maelfu, na makumi ya maelfu yao wakafa. Jina la Kariakoo jijini Dar es Salaam ni kumbukumbu ya kikosi hicho iliyobaki katika matamshi yetu.

Katika mazingira hayo aya ya 16:7 ilipata msikilizaji ambaye wafasiri wa Baghdad na Cordoba hawakumfikiria. Kwa al-Qurtubi, taabu ya nafsi ni jambo ambalo mnyama ameliondoa. Kwa mtu aliyesikia aya hiyo ikisomwa Tabora katika karne ya 19, taabu hiyo ilikuwa njia ya kawaida ya kufika mjini.

5.0 Farasi wa pambo, punda wa kazi

Aya ya 16:8 inataja mambo mawili, kupanda na kupamba, na msamiati wa Kiswahili umeyagawa kati ya wanyama wawili. Farasi ni neno la Kiarabu, na vifaa vyake vya fahari vina majina ya Kiarabu: seruji anayokalia mpandaji, lijamu mdomoni mwa mnyama, hatamu mkononi mwa bwana. Hatamu imekwenda mbali zaidi ikawa istilahi ya utawala, kwani chama au mtu hushika hatamu za nchi. Punda halitokani na neno la Kiarabu himar, na kifaa chake kikuu cha mzigo, shogi, ni pakacha kubwa la miyaa lililosukwa na mikono ya wenyeji. Kwa hiyo jina la mnyama wa pambo lilikuja na meli, ilhali jina la mnyama wa kazi lilikuwapo.

Ugawaji huo si wa kukatika moja kwa moja. Sayyida Salme, binti wa Sultan Said, anasimulia katika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 1886 jinsi watoto wa kasri walivyofunzwa kupanda, na jinsi punda weupe wa Maskati walivyothaminiwa. Punda wa namna hiyo alikuwa pambo kamili. Hadhi, basi, haikufuata aina ya mnyama peke yake. Ilifuata pia alikotoka, aliyempanda, na kama alibebeshwa mtu au chokaa.

Nyumbu ndiye aliyepata msiba wa kileksika. Tafsiri ya Ali Muhsin al-Barwani ya mwaka 1995 inatumia neno nyumbu katika 16:8, na kamusi zinamuunga mkono: nyumbu ni mtoto wa farasi na punda. Lakini kwa msomaji wa leo wa Arusha au Nairobi, nyumbu ni yule mnyama wa mwituni anayehama kwa makundi kati ya Serengeti na Maasai Mara, na ambaye hakuna aliyewahi kumtandika. Mwanafunzi anayeisoma aya hiyo bila mwalimu anaweza kuiona kama kitendawili. Kosa si la mfasiri. Ni kwamba mnyama aliyetajwa hakuishi nasi kwa wingi wa kutosha kulilinda jina lake. Tafsiri za kabla yake, ya Godfrey Dale ya mwaka 1923, ya Waahmadiyya ya mwaka 1953 na ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy ya mwaka 1969, nazo zilikabili orodha hiyohiyo ya wanyama watatu mbele ya wasomaji waliomfahamu vyema mmoja tu.

6.0 Shukurani ni ya nani?

Methali mbili zinajulikana kote katika Uswahili. Ya kwanza husema kwamba shukurani ya punda ni mateke. Ya pili husema: punda afe, mzigo wa bwana ufike. Zikiwekwa kando ya aya tulizozijadili, zinaonekana kuzigeuza. Katika Kurani anayedaiwa shukurani ni mpandaji. Katika methali ya kwanza anayedaiwa ni mnyama, naye analaumiwa kwa kutoilipa. Katika aya mzigo ni kipimo cha wema aliotendewa binadamu. Katika methali ya pili mzigo umepewa haki inayozidi uhai wa aliyeubeba. Bila shaka methali husemwa kwa watu na juu ya watu. Hapo ndipo uzito wake ulipo, kwani jamii iliyotumia methali hizo ilikuwa na watu walioweza kujiona katika nafasi ya punda.

Sheria iliyofundishwa pwani haikukubaliana na methali. Minhaj at-Talibin cha an-Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, ni miongoni mwa vitabu vya msingi vya madhehebu ya Shafii vilivyosomeshwa katika darasa za Lamu, Mombasa na Zanzibar. Mwishoni mwa mlango wa matumizi ya lazima, kitabu hicho kinamwajibisha mwenye mnyama kumlisha na kumnywesha. Akikataa, mnyama anayeliwa huuzwa, hulishwa au huchinjwa, na asiyeliwa huuzwa au hulishwa. Al-Izz ibn Abd as-Salam, Mshafii mwingine, aliyefariki mwaka 1262, alikwenda mbele zaidi. Kwake mnyama ana haki ya kutunzwa hata akizeeka au akiugua kiasi cha kutofaa tena kwa kazi, na ana haki ya kutobebeshwa asichokiweza. Nyuma ya maoni hayo kuna hadithi, kama ile ya ngamia aliyemlalamikia Mtume kwamba bwana wake anamlaza njaa na kumchosha, na ile inayokataza kuigeuza migongo ya wanyama kuwa mimbari.

Lakini Minhaj huyohuyo anatutia katika swali gumu. Hukumu za mnyama zinafuata moja kwa moja hukumu za mtumwa, katika fasili moja: mtumwa alishwe na avishwe, asikalifishwe kazi asiyoiweza, kisha anakuja mnyama. Inaweza kusemwa kwa haki kwamba mpangilio huo unampa kila aliye chini ya mamlaka ya mwingine ulinzi wa kisheria. Inaweza pia kusemwa kwamba unawaweka wawili hao kwenye ubao mmoja. Kauli zote mbili ni sahihi, na mwanahistoria akichagua moja na kuiacha nyingine atakuwa anatetea au anashitaki, hatakuwa anaeleza. Kwa mada yetu inatosha kubainisha kwamba mwanafunzi wa fiqhi wa pwani alikutana na ujirani wa mtu na mnyama kwanza katika maneno ya lugha yake, kisha katika kitabu chake.

7.0 Hitimisho

Makala yameonyesha kwamba Kiswahili kilipokea neema bila an'am, marikebu bila mnyama wa kupandwa, hamali badala ya mnyama wa mzigo, na dhalili bila ulaini wa mnyama mtiifu. Kila pengo kati ya haya likitazamwa peke yake ni dogo. Yakitazamwa pamoja, yanachora historia ya pwani iliyotegemea jahazi kwa safari na binadamu kwa mzigo. Kwa hiyo mfasiri wa aya hizi haitoshi atafute neno lililo sawa. Anahitaji pia kumweleza msomaji ni taabu ya nani iliyokuwa ikipunguzwa.

Maneno ya mwisho ya 16:8, kwamba Mungu huumba yasiyojulikana, yalifasiriwa na wanazuoni wa karne ya 20 kama Ibn Ashur wa Tunisia kuwa yanaashiria treni, magari na ndege. Usomaji huo una ukweli maalumu kwetu. Reli na lori ndizo zilizomshusha mzigo mpagazi. Kwa maana hiyo neema ya aya ya 7 iliwafikia watu wengi wa bara kupitia aya ya 8. Lakini punda hajamaliza zamu yake. Katika vichochoro vya Lamu bado anachukua mchanga, mawe na maji, na mwaka 2024 Umoja wa Afrika ulilazimika kusimamisha kwa miaka 15 uchinjaji wa punda kwa ajili ya biashara ya ngozi zao. Mnyama ambaye sheria ya Shafii ilikataza nyama yake na kuamuru atunzwe hata akizeeka amekuwa bidhaa inayothaminiwa akiwa amekufa.

Methali yetu inaruhusu punda afe ili mzigo ufike. Aya inamtaka aliyepanda akumbuke kwanza kwamba kwa nguvu zake mwenyewe asingekimudu kipando chake. Utafiti zaidi wa mashairi, barua na hotuba za misikitini za pwani utaonyesha ni mara ngapi waandishi wetu waliiona tofauti hiyo, na walipoiona, walisimama upande gani.